Siku Niliyoipandisha Kwaya Mlimani

Nilisomea hesabu za bima. Kwa miaka minne nilifundishwa kupima uwezekano wa nyumba kuungua, gari kupinduka na mtu kufa kabla ya wakati wake. Nilipohitimu sikupata kazi, nikabaki na ujuzi huo kichwani bila pa kuupeleka. Mtu wa aina yangu hakufaa kufundishwa mambo hayo. Tangu utotoni nilikuwa wa kutoka nje gizani kuhakikisha ng'ombe amefungwa. Baada ya chuo nilikuwa nikimtazama ng'ombe yule yule na kumhesabia njia zote anazoweza kufa.

Kazi niliyoipata mwishowe ilikuwa ya kubebea watu mizigo mlimani. Kuna mama mmoja wa Nanyuki, wa familia ya wafanyabiashara wa mifugo, ambaye ameongoza wapandaji kwa muda mrefu na sasa ana kikampuni chake kidogo. Sisi wapagazi wake tulimwita bosi, naye akaniita msomi, na hakuwa akinisifu. Baada ya miezi kadhaa ya kumbebea mahema na sufuria, aliniita kando ya stoo yake.

"Msomi, unataka kubeba mizigo mpaka lini?"

Nikaanza kueleza. Nilikuwa na maelezo marefu.

"Sijakuuliza historia," akanikatiza. "Leta kikundi, uwapeleke kwenye ziwa na kuwarudisha siku hiyo hiyo. Mimi nitakuja, lakini sitasema kitu. Ukiweza, nitakuandika kama mwongozaji. Ukishindwa, ukae ukijua wewe ni wa kubeba."

Ziwa alilokuwa akisema liko upande wa Timau, ndani ya shimo kubwa la mlima, na njia yake ni fupi kuliko ya kileleni lakini imesimama kama ngazi. Unapanda mpaka ukingo wa shimo, na pale juu ndipo unaliona ziwa likiwa chini yako. Anayetaka kugusa maji anateremka ndani ya shimo, kisha anapanda tena kutoka. Nilikuwa nimefika huko nikiwa na mzigo mgongoni. Sikuwa nimewahi kufika nikiwa na watu.

Kikundi nilitafutiwa na mama yangu. Tunaishi nje kidogo ya Karatina, ambako yeye hulima viazi na kabichi na kuimba katika kwaya ya kanisa letu. Hakupenda kazi yangu. Alitaka niajiriwe Nyeri, kwenye ofisi yenye pazia. Lakini nilipomwambia kuhusu mtihani wa bosi aliendelea kumenya viazi, na Jumapili iliyofuata akarudi na habari kwamba kwaya inataka kurekodi video ya wimbo wao mpya, na wimbo unahusu maji, na wamekubali kwamba ziwa la mlimani litafaa kuliko bwawa la samaki la shule.

"Umewalazimisha," nikamwambia.

"Baba mkwe, unafikiri mimi naweza kulazimisha kwaya nzima?"

Inafaa nieleze hilo la baba mkwe. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake, na jina haliji peke yake. Mimi ndiye babu. Baba yangu huniita baba. Bibi yangu mzaa baba, hadi alipofariki, aliniita mume wangu na kunilalamikia kwamba simnunulii ugoro. Na mama, aliyeolewa akiwa msichana akakuta boma likitawaliwa na mzee mkali asiyejibiwa, huniita baba mkwe. Yule mzee, mama hakuwahi kumkatalia neno. Mimi amekuwa akinituma maji na kuni tangu nilipojua kutembea. "Baba mkwe, hebu toa hivyo viatu vyako mlangoni." Nafikiri ilimpa raha fulani.

Wiki moja kabla ya safari nilimpigia simu mwalimu wa kwaya, mwanamume mwembamba mwenye msimamo ambaye pia huchunga muda wa ibada. Nikamuuliza nani ana pumu. Nani ana presha. Nani alifanyiwa upasuaji, nani magoti yanamsumbua, nani huogopa urefu, viatu ni vya aina gani, nani ana mzio wa nyuki. Akajibu yote bila kuchoka. Jioni nikampigia tena kuuliza kama kuna mwenye kizunguzungu cha gari. Nikamsikia akivuta pumzi.

"Kijana," akasema, "sisi tumejiandaa. Tumejiandaa kabisa, hata kiroho."

Hilo la kiroho nililipokea kama watu wanavyopokea salamu, bila kulitazama ndani.

Walifika kwenye lango la hifadhi alfajiri kwa basi dogo la kukodi, wanawake wengi na wanaume wachache, wamevaa majaketi ya baridi ya kuchumia kahawa na makoti ya kanisani. Sare zao za buluu zilikuwa zimekunjwa ndani ya mifuko ya plastiki. Kulikuwa na mwanamke mmoja mpana, mwimbaji wa sauti ya pili na jirani yetu wa miaka mingi, aliyekuwa amebeba sufuria kubwa iliyofungwa kwa shuka, ukanda wake umepita kwenye paji la uso kama anayetoka msituni na kuni.

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

"Mukimo, mzee, nimeponda viazi na mahindi usiku. Na nduma ziko kwa ile begi ingine."

"Niliwaambia mtu abebe kitu kidogo cha kutafuna tu."

"Sasa hii si ni ya kutafuna?" Wenzake wakacheka. "Usijali, hii ni ya baadaye. Wewe tuonyeshe njia."

Bosi alikuwa amesimama karibu na lango, mikono ndani ya koti, mtandio wake umefungwa vizuri chini ya kofia ya sufu. Nilimtazama. Alikuwa akitazama mawingu.

Tulianza kwa mwendo wa pole, kama nilivyokuwa nimefanya mazoezi, maana nilikuwa nimeupima mwendo wangu nyumbani nikizunguka zizi. Msitu ulikuwa na unyevu na matope ya kinyesi cha nyati. Kila tulipopumzika niliwafungulia pakiti za biskuti nilizonunua Nanyuki. Kila mara wakakataa kwa adabu. "Asante mzee, baadaye." Wakanywa maji tu. Nikajiambia labda ni ile aina ya biskuti, labda wanaona nimenunua za bei ya chini. Mapumziko ya pili nikatoa glukosi. Wakakataa. Nikafikiri hawaniamini, kwamba wananiona bado yule mtoto wa kuchunga mbuzi. Nilipanda sehemu nzima ya mianzi nikishughulikia hilo, nikipanga maneno ya kuwapa moyo wa kuniamini, na maneno yote yalikuwa mabaya.

Tulipotoka kwenye miti tukaingia eneo la nyasi ndefu na mimea ile ya ajabu ya mlimani, yenye shina nene na kichwa cha majani makubwa juu yake. Wanakwaya, wakulima wote, wakasimama.

"Ati haya ni makabichi ya nani?" akauliza yule wa sufuria.

"Ya Mungu," akajibu mwalimu.

"Mungu ameyapandisha kwa nguzo ndio sungura wasikule?"

"Muulize mbolea aliweka gani," mama akasema, na nikafurahi kusikia sauti yake, kwa sababu kwa muda alikuwa hajasema lolote. Mama ndiye anayeanzisha nyimbo zao. Kwa kawaida hanyamazi hata akikamua.

Hapo ndipo mlima unapoacha mchezo. Njia inapanda moja kwa moja juu ya mawe na udongo mweusi unaoteleza, na hewa inakuwa nyembamba kiasi kwamba unavuta na hupati ulichotarajia. Nilikwenda mbele nikirudi nyuma, mbele nikirudi nyuma, nikitazama midomo ya watu kama imebadilika rangi. Nilikuwa nimesoma dalili zote za ugonjwa wa miinuko. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kuyumba. Mwanamke mmoja akajikwaa nikamuuliza jina la siku ya leo ili nijue kama akili yake iko sawa. Akaniuliza kama mimi mwenyewe niko sawa.

Mama alipanda polepole, mkono mmoja kwenye goti. Nilimwuliza mara mbili kama kichwa kinamuuma. Akasema hakimuumi. Lilikuwa jibu la kweli, na nikalikubali.

Tulifika ukingoni jua likiwa bado zuri. Nilikuwa nimepanga kusema kitu pale, lakini hapakuwa na haja. Ziwa lilikuwa chini yetu, limezungukwa na kuta za mawe na majani pande zote, rangi ya kijani iliyokolea, halina hata mkunjo. Upande wa pili, mbali, vilele vya mlima vilikuwa vimesimama wazi. Watu hawa wameuona mlima huo kila asubuhi isiyo na mawingu tangu walipozaliwa, wakifungua mlango wa jikoni. Sasa walikuwa juu yake. Baadhi wakapiga makofi. Mwalimu akavua kofia.

Mama akapiga magoti.

Wote wakadhani anaomba. Ukiwa mwanakwaya, ukimwona mwenzako amepiga magoti mahali pazuri, unafumba macho. Wakafumba. Mtu mmoja akaanza kusema asante Baba kwa sauti ya chini, wengine wakaitikia. Mimi pia niliinamisha kichwa. Kisha nikaona mkono wa mama. Ulikuwa ukipapasa ardhini, ukitafuta kitu cha kushika, ukishika majani na kuyaacha.

Nilimfikia kabla hajaanguka. Uso wake ulikuwa na jasho baridi na mikono ikimtetemeka.

"Kichwa?"

"Hapana. Ni giza tu limekuja kidogo. Litaondoka."

"Umekula nini asubuhi?"

Akayakung'uta majani viganjani. Nikainua macho kwa wengine, na katika nyuso zao nikaona kwamba hakuna aliyekula. Katika maswali yangu yote, nyuki, upasuaji, gari, sikuwa nimeuliza hilo, kwa sababu ni nani anapanda mlima bila kula?

"Tumefunga," mwalimu akasema. "Kwaya yote, tangu jana. Huwezi kurekodi wimbo wa Mungu ukiwa umeshiba. Tukishaimba kando ya maji, tutafungua kwa pamoja. Ndiyo maana tumebeba chakula."

Walikuwa wamebeba sufuria ya mukimo kwenye paji la uso, mlima mzima, na tumbo tupu. Niliketi. Kichwani mwangu zile hesabu zote zilianza kwa wakati mmoja: mama, na wengine watakaofuata, na ukingo huu, na njia ile inayoteleza. Nikamtafuta bosi. Alikuwa amekaa juu ya jiwe akifunga upya kamba za kiatu, na kamba hizo hazikuwa zimelegea. Macho yetu yakakutana. Akarudi kwenye kamba.

Nikafungua begi la nduma, magimbi yaliyochemshwa. Nikatoa moja, nikamimina chai ya sukari kutoka chupa yangu.

"Mama, kula."

"Nitakula tukishaimba."

"Huwezi kuimba hivi."

"Nitaweza. Mungu atanipa nguvu. Usiniaibishe mbele ya watu, nimeweka agano nao."

Nilimbembeleza. Nikamweleza kuhusu sukari ya damu na hewa ya juu, nikasikia sauti yangu ikipanda na kuwa nyembamba kama ya mtoto anayejitetea kwa mwalimu. Akanipapasa shavu. Alikuwa ananituliza mimi. Sijui nilitoa wapi nilichosema baadaye. Hakikuwa kwenye chochote nilichofanyia mazoezi.

"Sikuambii kama mtoto wako," nikasema. "Anayekuambia ni baba ya mume wako. Kula."

Mama alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama, akinipima uso kama anayetafuta mtu mwingine nyuma yangu. Sikuushusha mkono wenye nduma.

"Uui!" akasema yule wa sufuria. "Mzee amefufuka!"

Kicheko kikalipuka, na mama akacheka pia, akafuta macho, akaipokea nduma. "Mungu nitamwomba msamaha," akasema, "Yeye husikia. Yule mzee hakuwa anasikia mtu." Akauma. Akatafuna akiwa ameinamisha kichwa, kama alivyoinamisha, nadhani, mbele ya mwenye jina langu miaka ile.

Mwalimu hakucheka. "Kijana, hili ni agano la watu mbele ya Mungu wao. Huna mamlaka hapo."

"Kweli, mwalimu, sina. Lakini njia ni yangu. Asiyekula simpeleki mbele. Nitamshika mkono nimteremshe hadi kwa basi, na sitamlaumu."

Nilisema hivyo nikijua kwamba wakikataa wote, nimekwisha. Siku imeharibika, ziwani hawajaimba, na bosi amekaa pale juu ya jiwe akisikia kila kitu. Upepo ulipita. Kisha yule mwanamke mpana akaanza kufungua shuka la sufuria.

"Mimi nimebeba hii kitu kutoka Karatina," akasema, "shingo yangu haijui kama ni agano ama ni mukimo. Nani ako na sahani?"

Wakala. Wengine kwa aibu, wengine kwa haraka. Mwalimu peke yake akaenda kukaa mbali kidogo na kufungua karatasi ya wimbo, na nikamwacha, ila nilihakikisha amekaa mahali ambapo hawezi kuanguka. Rangi ikarudi usoni mwa mama. Baada ya chai ya pili alianza kunipa amri, nikajua amepona.

Walipomaliza, wote wakasimama na kutazama ziwa. "Haya," mtu akasema, "sasa twende majini."

Mawingu yalikuwa yameanza kupanda kutoka bondeni, meupe, hayana haraka. Njia ya kuteremka ndani ya shimo ilikuwa ya mawe yaliyolegea. Niliitazama. Niliyatazama magoti yao. Nilimtazama mama, aliyekuwa amevua soksi moja tayari, maana tangu wiki iliyopita alikuwa akisema atatia miguu kwenye maji yale. Nilijua kila mtu amekuja kwa ajili ya hayo maji, na nilijua pia kwamba kushuka ni rahisi, na kwamba tukishuka nitakuwa na watu ndani ya shimo, wingu juu yetu, na ukuta wa kupanda tena.

"Hatushuki," nikasema.

Wakalalamika. Mwalimu akanyanyua karatasi yake. "Wimbo wenyewe unasema kando ya maji! Hapa maji yako wapi?"

"Si yale pale, yanaonekana," akasema wa sufuria. "Hii nayo ni kando. Ni kando ya juu."

"Mama, samahani," nikamwambia kwa sauti ya chini.

Akavaa soksi yake. "Wewe ndiye unajua njia," akasema, na hakuniita baba mkwe.

Wakavaa sare nyuma ya yale makabichi ya Mungu, wakatoka buluu tupu, wakajipanga ukingoni mahali nilipochagua, mbali na ncha. Mama aliongoza akiwa amekaa juu ya jiwe. Hawakuimba vizuri. Pumzi ziliisha katikati ya mistari, sauti ya tatu ikachelewa, mtu akakohoa. Katika ubeti wa pili wingu likafika, likajaza shimo, na ziwa likapotea kabisa. Kwenye ile video, ambayo nimeiona mara nyingi sasa, watu wa buluu wanaimba kuhusu maji mbele ya weupe mtupu. Mwalimu, aliyekuwa ameshika simu, aliona jambo hilo likitokea kwenye kioo. Nilidhani atasimamisha. Akaegemeza simu kwenye mawe, akaenda kujipanga na wenzake, akaimba besi yake hadi mwisho.

Bosi ndiye aliyempelekea sahani. Nilikuwa karibu nikasikia.

"Mwalimu, mimi hufunga mwezi mzima kila mwaka," akamwambia. "Na kwetu msafiri anaruhusiwa kula, atalipa siku hiyo akirudi nyumbani. Hii ni safari. Kula."

"Mmeshaimba pia," nikaongeza.

Mwalimu akatazama weupe ule palipokuwa na ziwa. "Tumeimba kando ya wingu," akasema, lakini akaipokea sahani, na mukimo ulipomfikia tumboni akaanza hata kusimulia kwamba sauti ya kwanza imemfurahisha.

Nilikuwa nikikusanya vikombe bosi aliponijia. Nikasimama wima. Nilikuwa tayari kumweleza kosa langu la kutouliza kuhusu chakula, na jinsi nitakavyolirekebisha, na makosa mengine mawili ambayo huenda hakuyaona.

"Ningewashusha wale wa magoti mazuri," akasema. "Nusu hivi. Niwaonyeshe maji haraka, nirudi nao."

"Kwa hivyo nilikosea."

"Nimesema ningewashusha. Sijasema umekosea." Akavuta kofia yake juu ya masikio, akavaa begi lake. "Mimi natangulia, niko na watu wa kupigia simu na hapa hakuna netiweki. Utanikuta langoni."

"Unaniacha nao?"

"Kwani ni wangu?"

Akaanza kuteremka, hatua fupi fupi, hakugeuka nyuma, na baada ya muda mfupi wingu likamficha. Nilisimama nikitazama pale alipopotelea. Hesabu zilianza tena, bila shaka: utelezi, nyati, giza, mwenye goti baya. Kwaya yote ilikuwa imekwisha kufunga mifuko na ilikuwa ikinisubiri. Sufuria ilikuwa tupu na mwenye nayo alikuwa ameigeuza kofia.

"Mzee, tunalala hapa?" akauliza.

Nikamweka mama nyuma yangu, mwalimu nyuma kabisa ili achunge mkia, na wenye magoti mabaya katikati. Nikawaambia wakanyage pale ninapokanyaga na wasione haya kukaa chini panapoteleza. Kisha nikauliza kama kuna mtu ana njaa. Wakacheka, na tukaanza kuteremka.